Soma, Aron

Watu wa kwetu, upande wa Litein, wakikuambia kwamba mimi nina roho mbaya, usiwabishie. Waulize tu ni nani aliyeiharibu. Jina langu ni Chepkorir, siku hizi wananiita Mama Mwihaki, na kazi yangu ni kupiga picha za eksrei. Nimepiga mikono ya wachuma chai walioteleza kwenye mteremko, vifua vya wazee, magoti, mbavu zilizopigwa teke na ng'ombe wa maziwa. Ukilala kwenye meza yangu nitakushika vizuri hata kama sikupendi. Lakini ukinidanganya, sisahau. Haki ya Mungu, sisahau.

Kazi hii niliisomea Nairobi, nikamaliza mwaka wa tisini. Kutoka kwetu tulikuwa wawili darasani, mimi na Aron. Boma lao na letu yanatazamana, katikati ni chai na kijito. Tulikuwa tukisomeana vitabu, tukapendana, sitakuficha. Tulipomaliza, wazee wake walikuja kwetu kwa koito, ile siku ya kuomba msichana. Walikubaliana na baba yangu, mursik, maziwa yetu ya mgando, ikanywewa, na mimi nikaona maisha yangu yamekaa sawa. Nilikuwa na mchumba na diploma, kilichobaki kilikuwa kazi tu.

Kazi ndiyo iliyoleta maneno. Watu wanadhani ukishasoma mambo ya mashine, milango inajifungua. Wacha! Serikalini tuliambiwa tungoje, na hakuna aliyetuambia tungoje mpaka lini. Hospitali za mashamba makubwa ya chai zilikuwa na watu wao tayari, wenye afya nzuri kabisa, hawana mpango wa kustaafu wala kufa. Ikabaki hospitali moja ya kanisa. Jina lake naliacha kwa sababu kosa halikuwa lake. Walikuwa wameletewa mashine mpya na walitaka mtu mmoja wa kuiendesha. Tulikwenda kuhojiwa sote wawili siku moja. Aron aliingia kwanza, mimi nikabaki nje nimemshikia koti lake. Ona ujinga wangu, nilimshikia koti!

Niliulizwa maswali nikayajibu yote. Wiki iliyofuata wakamwita Aron.

Nilirudi pale kuuliza nilikosea wapi. Matroni, mama mmoja mwenye huruma, alinivuta kando. "Binti yangu, hukukosea kitu," akasema. "Lakini mwenzako alitueleza kwamba mnaoana karibuni na mnataka watoto haraka. Chumba cha mionzi si mahali pa mwanamke mjamzito. Tuliona tukikuajiri leo, kesho utakuwa nyumbani."

Nilitembea mpaka kwetu nikimtetea huyo mwanamume moyoni. Nilijiambia labda hakuwa na nia mbaya, tena mshahara wa mume si wa nyumba? Nikaenda kwao kumpongeza. Mama yake alinipa chai kwenye kikombe cha bati, cha buluu, tukazungumza habari za mvua ya mawe iliyochana majani ya chai. Nikaaga. Nilipofika kijitoni nilikumbuka leso yangu, nikarudi kuichukua. Nikakuta vikombe vingine vyote vimo ndani ya karai, vinaoshwa. Kile changu kilikuwa nje, kimefunikwa juu ya nguzo ya ua, peke yake.

"Mama," nikamwuliza, "hicho kikombe kina nini?"

Hakunitazama usoni. "Nyumba hii ina wasichana," akasema. "Aron ametuambia ukweli. Wewe umekaa na ile mashine miaka yote hiyo, imekukausha tumbo. Mtu aliyekauka hanywi pamoja na wasichana ambao bado hawajazaa. Afadhali tumejua mapema."

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo roho yangu ilipoharibika. Hospitalini Aron alisema nitazaa mno. Nyumbani kwao akasema sitazaa kamwe. Ni mdomo ule ule, mwezi ule ule. Kwa uongo wa kwanza alipata kazi yangu. Kwa uongo wa pili aliniacha bila lawama, maana alikuwa ameshamwona Fancy, binti wa mzee wa kanisa wa huko Sigowet, msichana mzuri, mrefu, anayeimba kwaya. Na yeye mwenyewe je? Si tulisimama nyuma ya ukuta mmoja, kando ya mashine moja? Kwani mionzi huchagua sketi ikaacha suruali?

Koito yetu ikavunjika. Kwenye banda la kupimia majani ya chai, akina mama waliokuwa wakinipakata nikiwa mtoto walianza kusogeza vikapu vyao wakiniona. Walisema nimekauka kama majani yaliyotoka kiwandani. Hakuna mama aliyetaka mwanawe anioe, na wengine waliwakataza mabinti zao wasiende kusomea kazi yoyote ya hospitali, ati watarudi kama Chepkorir. Ulimi hauna mfupa, lakini mimi ninajua mifupa uliyoivunja.

Niliondoka nyumbani nikaenda Kericho mjini kutafuta chochote. Pale nilimpata Mzee Ndung'u, mwenye studio ya picha karibu na soko. Aliniuliza kama nimewahi kufanya kazi kwenye chumba cha giza. Nilicheka kwa mara ya kwanza baada ya miezi. Chumba cha giza ndicho nyumbani kwangu! Dawa za kusafishia filamu ni karibu zile zile, harufu yake ni ile ile ya siki, ile inayokwama kwenye nywele. Tofauti ni kwamba huku nilitoa sura za watu badala ya mbavu zao. Basi nikawa hapo, mwanamke wa diploma, natoa picha za vitambulisho na za watoto waliobatizwa. Watu wa kwetu walipita wakichungulia, wakacheka.

Siku moja mpiga picha wetu aliniletea filamu za harusi kutoka Sigowet. Nikazitia kwenye dawa gizani, zilipokauka nikawasha taa nyekundu nikaanza kusafisha picha, na sura ya kwanza kuchomoza kwenye karatasi ilikuwa ya Aron. Amevaa suti, amemshika Fancy kiunoni. Nyuma yao mama yake amejifunga leso mpya, meno yote nje.

Filamu zenyewe zilikuwa zinaning'inia pale mbele yangu. Mkasi ulikuwa mezani. Hakuna ambaye angejua, mambo huharibika kila siku. Mkono wangu ulikwenda mpaka kwenye mkasi, nakuambia, nikaushika. Halafu nikauacha. Si kwa wema! Niliona hicho ni kisasi cha mtoto mdogo. Harusi ikikosa picha, watu wangemhurumia, na mimi sikutaka ahurumiwe hata kidogo. Nilizitoa picha zake safi kuliko harusi zote za mwaka ule, kila jino likionekana, nikamwambia kimoyomoyo, furahi, Aron, malipo ni hapa hapa duniani.

Mtoto wa Mzee Ndung'u, Chege, ndiye aliyeniambia ukweli bila kuniumiza. "Wewe hukusomea harusi," alisema. "Unakaa hapa kwa hasira tu." Nilimwambia habari za kikombe, na jinsi watu wanavyosema nimekauka. Akaniuliza, "Na wewe uliyesoma, unasemaje?" Nikamwambia ni upuzi mtupu. "Basi mimi nimemsikiliza aliyesoma," akasema. Watu wake walinung'unika, wangu pia walinung'unika, miaka yenyewe ilikuwa ya makabila yetu kutazamana vibaya. Tukaoana hivyo hivyo.

Chege alipopata duka Nakuru, tulihamia huko, na huko nikaajiriwa kwenye kliniki ya daktari mmoja wa akina mama. Hapo ndipo nilipoona kazi yetu ina matawi ambayo hatukuyajua darasani. Nilijifunza picha za dawa, zile ambazo daktari hutia maji yanayong'aa ndani ya mwili ili njia zake zionekane kwenye filamu. Nilipopata mimba, hakuna aliyenifukuza. Daktari aliniondoa tu kwenye chumba cha mionzi akanifundisha ile mashine nyingine ya kumtazama mtoto tumboni, isiyo na mionzi. Kumbe mjamzito ana mahali pake! Kumbe hata ile hospitali ya kanisa ingenipangia, kama wangeambiwa ukweli! Nilimzaa Mwihaki, kisha ndugu yake. Nilipowabeba kwenda kumwonyesha baba yangu, nilipita makusudi kwenye banda la majani, polepole, mmoja mgongoni na mmoja mkononi.

Yule daktari alipofungua kliniki ya pili Kericho, nilirudi kuiendesha mashine yake. Ilikuwa mwaka wa tisini na nane. Sikuwa nimekaa sana pale, Fancy akaingia.

Alikuwa amekonda. Alifunga mlango akasimama. "Dada, najua wewe ni nani," akasema. "Na wewe unajua mimi ni nani. Ukitaka niondoke nitaondoka."

Nilitaka kumchukia. Nilijaribu kweli. Lakini aliketi akanieleza, na chuki ikakosa mahali pa kukaa. Alikuwa hajapata mtoto tangu harusi. Mama mkwe wake alikuwa anamwita mti usiozaa, mbele ya wageni. Kwa kuwa walioana kanisani, Aron hangeweza kuleta mke wa pili, kwa hivyo nyumba nzima ilikuwa inamsukuma Fancy arudi kwao mwenyewe, ili ionekane ameshindwa. Kikao cha wazee kilikuwa kimepangwa. Daktari wetu alikuwa amemwita Aron apimwe pia, Aron akakataa, akasema yeye ni mtu wa hospitali na anajua yuko sawa.

Daktari alimtia ile dawa, mimi nikapiga picha. Nilipoitoa filamu kwenye maji na kuiweka kwenye taa, nilisimama nikaitazama muda mrefu. Daktari aliandika maelezo yake, akamweleza Fancy kila kitu, akampa filamu yake. Filamu ni mali ya mgonjwa. Fancy aliifunga ndani ya leso. Alilia kidogo, halafu akaacha.

"Utakuja kwenye kikao, Dada?" akaniuliza.

"Nani atanialika pale?" nikasema.

Basi Mungu naye ana mchezo wake. Siku chache kabla ya kikao, aliyekuja kunialika ni mama yake Aron. Yeye mwenyewe! Alikaa kwenye benchi la wagonjwa, amejikunja, ameshika mkoba wake magotini.

"Chepkorir, mtoto wangu," akaanza.

"Shikamoo, Mama," nikasema.

Akaniambia shida yake. Baba yake Fancy alikuwa amekumbuka maneno ya zamani, kwamba mashine ya eksrei inakausha watu, na sasa alikuwa anauliza mbona isiwe Aron aliyekauka. "Wewe una watoto wawili," akasema mama yule, "na unafanya kazi ile ile. Kuja tu uwaambie wazee kwamba hiyo mashine haina neno. Wewe watakuamini."

"Mama, si ni wewe uliyeweka kikombe changu kwenye ua?"

"Hiyo maneno ilipita, mtoto wangu. Tulikuwa hatujui."

"Aron alikuwa anajua."

Akatazama chini. Nikamwambia nitakuja. Akanishukuru mpaka nikaona haya kwa niaba yake. Jioni Chege alinisihi niachane nao, ati Mungu atalipa. Nilimwambia Mungu ana kazi nyingi, hii moja nitamsaidia.

Jumamosi nilivaa gauni langu la kitenge nikaenda kwa akina Aron. Wazee walikuwa wamekaa sebuleni, baba yake Aron na ndugu zake upande mmoja, baba yake Fancy na watu wake upande wa pili. Fancy alikaa kwenye kigoda. Aron alikuwa karibu na dirisha, amenenepa, kalamu mfukoni kama daktari. Aliponiona alimgeukia mama yake haraka. Hakuwa ameambiwa kwamba nimeitwa. Chelimo, mke wa ndugu yake mdogo, mwenye mimba kubwa, alizunguka akimimina chai. Mimi nilipewa kikombe cha kauri chenye maua, kile cha wageni.

Baba yake Fancy alisema yake, mama yake Aron akasema yake, kisha akaninyooshea mkono. "Huyu ndiye atatueleza kama mashine inakausha."

Nikasimama. "Wazee, nimeitwa na nimekuja. Lakini nyumba hii ina mtaalamu wake. Mimi na Aron tulisoma darasa moja, mwalimu mmoja. Mwulizeni yeye kwanza. Akikosea nitamsahihisha."

Nikaketi, nikashika chai yangu. Roho yangu ilikuwa imetulia sana.

"Aron," baba yake Fancy akasema, "mionzi inakausha mtu?"

Unaona pale alipokuwa? Akisema inakausha, basi aliyekauka ni yeye, na Fancy hana kosa. Akisema haikaushi, basi alinizulia, mbele ya baba yake aliyekunywa mursik nyumbani kwetu. Alitazama dari, akatazama mlango. Mchimba kisima alikuwa ameingia mwenyewe, na maji yalikuwa shingoni.

"Haikaushi," akasema. "Mtu akisimama nyuma ya ukuta, haimfanyi kitu."

"Hata mwanamke?"

"Hata mwanamke."

Baba yake Aron ni mzee wa maneno machache. Aliinua kichwa akamtazama mwanawe. "Sasa huyu binti wa watu tulimwacha kwa nini?" akauliza. "Nilimwambia baba yake nini, mimi?"

Aron aligeukia dirisha. Nakuambia, swali hilo nililinywa pamoja na chai.

Mama yake ndiye aliyerukia. "Basi kama si mashine, ni Fancy! Mambo si yamekwisha? Arudi kwao!"

Fancy akasimama. Alifungua leso yake, akatoa filamu, akaenda mpaka dirishani akamwekea mumewe mkononi.

"Mimi nilipigwa picha," akasema. "Wewe ndiye mtu wa hospitali. Wasomee."

"Maelezo ya daktari yako wapi?" Aron akauliza kwa sauti ndogo.

"Yapo, kwa Kiingereza," nikasema mimi. "Wazee hawataki Kiingereza. Soma, Aron."

Aliinua filamu kwenye mwanga. Angeweza kudanganya, lakini mimi nilikuwa nimekaa pale pale, na alijua ni nani aliyeipiga.

"Hii nyeupe ni nyumba ya uzazi," akasema. "Hizi mbili nyembamba ni njia. Dawa imepita. Imemwagikia ndani, kulia na kushoto."

"Maana yake nini?" baba yake akauliza.

"Njia ziko wazi."

"Wacha mafumbo, kijana. Maana yake nini?"

"Hapa hakuna kasoro," Aron akasema.

"Na wewe," baba yake Fancy akauliza, "yako iko wapi?"

Hakuwa na yake. Alikuwa ameitwa akakataa, na Fancy aliwaambia hivyo bila kupandisha sauti. Kisha akasema haondoki, na siku akiondoka ataondoka kwa sababu amechoka na uongo, si kwa sababu ya tumbo lake. Hakuna aliyembishia.

Nami sikusema kwamba Aron hazai. Filamu ile haikusema hivyo, na mimi sisemi kisichoonekana. Angeweza kwenda kupimwa Jumatatu, pengine ni jambo dogo la dawa. Hayo yote nilikuwa nayajua. Hakuna aliyeniuliza, sikuyatoa.

Kikao kikavunjika bila maombi. Chelimo akaja na karai kukusanya vikombe. Alichukua vya wazee, akachukua cha Fancy, akafika kwa Aron. Akanyoosha mkono, kisha akaurudisha kwenye tumbo lake. Sebule yote ilimwona. Alisita hivyo, halafu akakishika kikombe kwa ncha ya leso, akatoka nacho nje, na kupitia dirishani nikamwona akikifunika juu ya nguzo ya ua.

Mama yake Aron alinigeukia. Macho yake yaliniomba niseme neno, nimwambie Chelimo kwamba ni ujinga, kwamba mwanawe ametoka kusema sasa hivi kwamba mionzi haikaushi mtu. Neno hilo nilikuwa nalo. Nilimaliza chai yangu taratibu, nikamwambia kongoi, asante ya kwetu, nikaenda nyumbani kwa watoto wangu kabla mvua haijaanza.